Asilimia Tano: Calouste Gulbenkian na Miaka 70 ya Wakfu Wake

Mwaka 1958 Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa imefanywa gereza kwa zaidi ya miaka 60. Tangu 1895 serikali ya Waingereza ilikuwa ikiwafungia humo watu, na vyumba vya wafungwa vilisimama juu ya misingi ambayo Wareno walianza kuiweka mwaka 1593. Chini ya vyumba hivyo kulilala kifusi cha karne tatu. Wafungwa walipohamishwa, ngome ilitangazwa hifadhi ya taifa, na James Kirkman, mwanaakiolojia aliyekuwa amechimba magofu ya Gede, akakabidhiwa kazi ya kuifukua na kuigeuza kuwa makumbusho. Fedha za kazi hiyo, pauni 30,000, zilitoka Lisbon, kwenye wakfu uliokuwa na umri wa miaka miwili tu. Wakfu huo nao ulikuwa ukila mapato ya mafuta yaliyochimbwa Kirkuk, kaskazini mwa Iraki.

Aliyeuacha wakfu huo alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa Calouste Sarkis Gulbenkian, Mwarmenia mzaliwa wa Istanbul, raia wa Uingereza, mwenye nyumba Paris, na katika miaka 13 ya mwisho wa uhai wake mgeni wa hoteli moja ya Lisbon. Magazeti ya zama zake yalimwita Bwana Asilimia Tano. Katika shirika lililompa jina hilo hakuwa na mtambo wa kuchimbia, wala kiwanda cha kusafishia mafuta, wala kituo cha kuuzia. Alikuwa na hisa ndogo iliyoandikwa vizuri, na subira ya kuitetea kwa miaka 40. Wakfu wa Calouste Gulbenkian uliidhinishwa tarehe 18 Julai 1956, kwa hiyo Julai 2026 unatimiza miaka 70. Nasimulia habari zake nikiwafikiria watu wa kwetu, maana Afrika Mashariki nayo imeingia kwenye biashara ya mafuta, na baadhi ya waliokaa meza moja na Gulbenkian wamo katika biashara hiyo hadi leo.

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1869 Üsküdar, upande wa Asia wa Istanbul, katika ukoo wa wafanyabiashara uliotoka Talas, karibu na Kayseri. Baba yake, Sarkis, aliingiza mafuta ya taa kutoka Urusi. Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara ya mafuta ya wakati ule: gari la petroli lilikuwa halijazoeleka, na kilichotafutwa ardhini kilikuwa mwanga wa usiku. Mafuta hayo yalisafirishwa katika madebe ya bati, na debe hilohilo ndilo lililobaki mikononi mwetu kama kipimo cha mahindi na maji hata baada ya mafuta yenyewe kuisha. Mtoto alipelekwa Marseille kujifunza Kifaransa, kisha King's College ya London, akahitimu mwaka 1887 katika uhandisi akiwa na umri wa miaka 18.

Mwaka uliofuata baba yake alimtuma Baku, ukingoni mwa Bahari ya Kaspi, ambako visima vya mafuta vilikuwa vimesongamana kwenye rasi ya Apsheron. Alirudi akaandika makala katika jarida la Kifaransa la Revue des Deux Mondes, na mwaka 1891 akatoa kitabu cha safari yake. Makala hizo zilisomwa Istanbul na wakubwa wa Dola ya Uthmania, wakamwomba kijana huyo aandike ripoti kuhusu mafuta ya Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki. Aliandika ripoti bila kukanyaga huko. Alisoma vitabu vya wasafiri na kuwahoji wahandisi wa reli, akaunganisha waliyoyaona, na hitimisho lake likawa kwamba utajiri upo. Sultani Abdulhamid II aliyachukua maeneo hayo yawe mali ya hazina yake binafsi. Naona tabia yote ya Gulbenkian imo katika ripoti ile. Maisha yake yote alifanya kazi kwa kusoma nyaraka kuliko mtu mwingine yeyote chumbani.

Mwaka 1892 alimwoa Nevarte Essayan. Miaka minne baadaye Waarmenia walikuwa wakiuawa mitaani Istanbul, na familia ikakimbilia Misri kwa meli. Mwana wao Nubar alikuwa mchanga, na familia ilisimulia baadaye kwamba alifichwa ndani ya zulia lililokunjwa. Kwenye safari hiyo na huko Misri, Gulbenkian alijuana na watu waliombadilishia maisha: Alexander Mantashev, tajiri wa mafuta wa Kiarmenia, na Nubar Pasha, mwanasiasa mkubwa wa Misri. Mwaka 1897 alihamia London akaanza kuwaunganisha wenye visima na wenye fedha. Mwaka 1902 akawa raia wa Uingereza. Kampuni ya Kiholanzi ya Royal Dutch, chini ya Henri Deterding, ilipoungana na Shell ya Marcus Samuel mwaka 1907, Waholanzi wakichukua asilimia 60 na Waingereza 40, Gulbenkian alikuwa miongoni mwa walioshughulikia fedha za muungano huo. Aliingia pia kwenye benki, akawa mshauri wa Benki ya Taifa ya Uturuki, iliyoanzishwa kwa mtaji wa Uingereza. Akawa mshauri wa fedha wa balozi za Uthmania huko Paris na London, na baadaye akawa dalali wa kuiuza kampuni ya mafuta ya Mexican Eagle kwa Shell. Alikuwa na mkono katika mafuta ya Venezuela vilevile, na ni mafuta hayo yaliyomgombanisha na Deterding.

Lakini jambo kubwa lilikuwa Mesopotamia. Mwaka 1912 iliundwa kampuni ya Turkish Petroleum kwa ajili ya kutafuta kibali cha kuchimba mafuta huko. Gulbenkian ndiye aliyeisuka, akiwaleta pamoja Wajerumani wa Deutsche Bank, watu wa Shell na ile benki ya Uturuki, naye akiwa na hisa asilimia 15. Serikali ya Uingereza ilitaka kampuni ya Anglo-Persian, ambayo leo ni BP, iingie na kutawala. Tarehe 19 Machi 1914 wakubwa walikutana katika Wizara ya Mambo ya Nje ya London wakagawana: Anglo-Persian asilimia 50, Deutsche Bank 25, Shell 25. Mwasisi alikatiwa asilimia 5, nusu kutoka kwa Anglo-Persian na nusu kutoka kwa Shell, bila haki ya kupiga kura.

Tarehe 28 Juni 1914 Waziri Mkuu wa Uthmania aliandika barua ya kuahidi kibali. Siku hiyohiyo mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa Sarajevo, na baada ya wiki chache dunia ikawa vitani. Vita vilipoisha, dola iliyoandika barua haikuwapo tena, na hisa za Wajerumani zilikuwa zimetaifishwa na Waingereza. Gulbenkian alishika barua na mkataba wake, akasisitiza kwamba vyote bado vina nguvu. Ndiye pia aliyewasaidia Wafaransa wapewe fungu la Wajerumani, jambo lililokubaliwa katika mkutano wa San Remo wa 1920. Wafaransa wakaunda kampuni yao mwaka 1924, Compagnie Française des Pétroles. Kampuni hiyo leo inaitwa TotalEnergies.

Kwenye mkutano huohuo wa San Remo ilitamkwa kwamba wenyeji wa Mesopotamia, wakitaka, waruhusiwe kununua hadi asilimia 20 ya kampuni. Serikali ya Mfalme Faisal wa Iraki ilipotia sahihi kibali mwaka 1925, asilimia 20 hiyo haikuwemo. Iraki ikalipwa mrabaha wa shilingi 4 za dhahabu kwa tani, na hisa haikupata hata moja. Mtu mmoja anayeishi Paris alikuwa na asilimia 5 ya mafuta ya Kirkuk, na watu wa Kirkuk hawakuwa na kitu. Historia nyingi za kumsifu Gulbenkian hulipita jambo hili haraka. Hakulibuni yeye, na hata angekataa hisa yake isingekwenda Baghdad. Lakini fedha zote nitakazozitaja mbele zilitoka hapo, na anayeziadhimisha lazima ajue zilivyopatikana.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Oktoba 1927 kisima cha Baba Gurgur, karibu na Kirkuk, kililipuka. Mafuta yaliruka juu kupita mnara wa kuchimbia, yakamwagika kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa mapipa 95,000 kwa siku, na ilichukua zaidi ya wiki kuyafunga. Sasa kila mtu alijua kwamba asilimia zile zina maana, na mabishano yakawa makali.

Ugomvi ulihusu namna ya kula faida. Makampuni makubwa yalikuwa na viwanda, meli na vituo vya kuuzia. Yalitaka Turkish Petroleum isitengeneze faida yoyote, iwape tu mafuta ghafi kwa gharama ya kuyachimba, nayo yachume faida mbele ya safari. Kwa Gulbenkian mpango huo ulikuwa sawa na kunyang'anywa. Asiye na kiwanda angeyapeleka wapi mafuta ghafi? Alitaka fedha taslimu. Aligoma miaka kadhaa, akijua kwamba Wamarekani, waliokuwa wakishinikiza kuingizwa, wasingeweza kuingia mpaka kila mwenye hisa atie sahihi. Mwishowe walikubaliana kwamba Wafaransa wayanunue mafuta yake kwa bei ya soko.

Mkataba ulitiwa sahihi Ostend, Ubelgiji, tarehe 31 Julai 1928. Anglo-Persian, Royal Dutch Shell, Wafaransa, na kundi la kampuni za Marekani, kila mmoja alipata asilimia 23.75, na Gulbenkian akapata 5. Waliahidiana kwamba ndani ya mipaka ya iliyokuwa Dola ya Uthmania hakuna atakayetafuta mafuta peke yake bila wenzake. Mipaka hiyo ilichorwa kwa wino mwekundu kwenye ramani, ikazunguka Uturuki, Iraki, Shamu na Bara Arabu lote isipokuwa Kuwait. Inasimuliwa kwamba Gulbenkian ndiye aliyeshika kalamu, akisema anazijua nchi zile kwa kuwa alizaliwa humo. Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hiyo, nami naona hata bila ya hiyo nguvu yake ilionekana: makampuni makubwa kabisa ya mafuta duniani yalifungwa mikono kwa miaka 20 na mkataba ambao mwenye hisa ndogo kuliko wote alikuwa na haki ya kuutetea mahakamani. Na aliutetea. Kampuni mbili za Kimarekani zilipotaka kujitoa zikachimbe Saudia, alifungua kesi London, wala hakuiondoa mpaka Novemba 1948 alipopewa fidia ya mafuta zaidi.

Fedha alizopata alizitumia kwa kitu kimoja kuliko vyote: sanaa. Hakununua kwa wingi wa vitu. Alitafuta kipande bora katika kila aina, akakaa miaka akijadiliana bei kama alivyokaa kwenye mikataba ya mafuta. Nyumba yake ya 51 Avenue d'Iéna, Paris, ilijaa vigae vya Iznik, taa za msikiti za vioo kutoka Misri ya Wamamluki, mazulia ya Uajemi, miswada ya Qurani, sarafu za Wagiriki, michoro ya Rembrandt na Rubens, na vito vya rafiki yake René Lalique. Alipofariki mkusanyo wake ulikuwa na vipande vipatavyo 6,000. Kati ya 1928 na 1930, serikali ya Kisovieti ilipokuwa na njaa ya fedha za kigeni, alinunua kwake kwa siri vitu vya jumba la makumbusho la Hermitage, ikiwemo sanamu ya marumaru ya Diana iliyochongwa na Houdon. Baadaye aliwaandikia maofisa wa Moscow akiwaonya kwamba vitu vilivyokaa miaka mingi makumbusho ya taifa havifai kuuzwa. Mnunuzi kumsihi muuzaji asiuze ni jambo la ajabu, lakini barua ile ipo, na naamini aliandika kwa dhati. Mtu aliyeona watu wake wakifukuzwa kwao alifahamu vizuri jinsi mali ya karne nyingi inavyoweza kutawanyika katika mwaka mmoja.

Kwa Waarmenia wenzake alijenga kanisa la Mtakatifu Sarkis, Kensington, London, kuwakumbuka wazazi wake, likafunguliwa 1923. Alijenga maktaba katika makao ya Patriarki wa Kiarmenia Yerusalemu, akaiendeleza hospitali ya Waarmenia Istanbul.

Vita vya pili vilimkuta Ufaransa. Alikuwa na cheo cha kidiplomasia cha Uajemi, akaifuata serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, na kwa hiyo Uingereza ikamhesabu kuwa adui na kuizuia hisa yake. Baadaye alirudishiwa, lakini kidonda kilibaki. Aprili 1942 alihamia Lisbon, mji ambao haukuwa vitani, akapanga Hoteli Aviz. Wareno walimtendea kwa heshima, na kodi zao zilimfaa. Hapo ndipo alipokaa mpaka alipofariki tarehe 20 Julai 1955, akiwa na miaka 86. Majivu yake yalipelekwa kanisani kwake London.

Wasia wake ulikuwa wa tarehe 18 Juni 1953. Watoto wawili, Nubar na Rita, waliachiwa riziki, na sehemu kubwa ya mali pamoja na mkusanyo wote wa sanaa ikaachiwa wakfu wenye makao Lisbon, wenye malengo manne: hisani, sanaa, elimu na sayansi. Ulinuiwa uwe wa kudumu, na uwanufaishe watu wa mataifa yote. Alitaja wadhamini watatu: Lord Radcliffe, mwanasheria Mwingereza aliyekuwa amechora mpaka wa India na Pakistan mwaka 1947, Kevork Essayan, mkwewe, na wakili wake wa Lisbon, José de Azeredo Perdigão.

Mara ukazuka mvutano. Radcliffe aliutaka wakfu wa kimataifa kweli, usiofungwa na serikali yoyote. Salazar, dikteta wa Ureno, alitaka Wareno wawe wengi kwenye bodi. Radcliffe akajitoa, Perdigão akawa rais wa wakfu na kukaa kwenye kiti hicho hadi 1993. Kwa miaka 18 ya mwanzo taasisi hii iliishi chini ya udikteta, na katika 13 kati ya miaka hiyo Ureno ilikuwa ikipigana vita vya kikoloni Angola, Gine-Bisau na Msumbiji. Haikuupinga utawala huo hadharani. Ilichofanya ni kuwapa watu vitu ambavyo utawala haukuwapa.

Kati ya hivyo, kinachonigusa zaidi ni maktaba za magari. Ureno ya miaka ya 1950 ilikuwa nchi maskini, yenye watu wengi wazima wasiojua kusoma, na vijiji vingi havikuwahi kuona maktaba. Mwaka 1958 mwandishi Branquinho da Fonseca alipewa na wakfu magari ya Citroën yaliyopangwa rafu za vitabu ndani. Magari yalipanda milimani na kushuka mabondeni kwa ratiba maalumu, yakasimama uwanjani mwa kijiji, na mtu yeyote, mchungaji au mtoto wa mvuvi, aliingia, akachagua kwa mkono wake, akaazima bila kulipa. Huduma hiyo ilidumu hadi 2002. Waandishi na walimu wengi wa Ureno wamesimulia kwamba kitabu chao cha kwanza kilitoka ndani ya gari hilo.

Mengine yalifuata kwa kasi. Taasisi ya sayansi ya Oeiras ilianzishwa 1961, okestra 1962, kwaya 1964, kikundi cha dansi 1965. Vijana walipewa ufadhili wa kusoma nje, na mchoraji Paula Rego alikuwa mmoja wao. Mkusanyo wa sanaa, uliokuwa umetawanyika Paris, London na Washington, ulikusanywa Ureno kufikia 1960, ukahifadhiwa Oeiras ukisubiri jumba lake. Novemba 1967 mafuriko makubwa ya Lisbon yalifika mpaka huko, vitambaa na vitabu vikalowa, na mafundi wakafanya kazi kubwa ya kuviokoa. Jumba lilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1969, kazi ya wasanifu Ruy Athouguia, Pedro Cid na Alberto Pessoa. Ni jengo la zege lililolala chini katikati ya bustani, na bustani yenyewe iko wazi kwa kila mtu. Mwaka 2010 jumba lilitangazwa urithi wa taifa. Kituo cha sanaa ya kisasa kiliongezwa 1983, kikajengwa upya na Kengo Kuma na kufunguliwa tena 2024.

Iraki haikusahauliwa kabisa. Wakfu ulilipia jumba la sanaa ya kisasa Baghdad mwaka 1962 na Uwanja wa Shaab wa soka, uliofunguliwa 1966 kwa mechi ya Benfica. Kwa nchi iliyotoa mafuta yote yale, naona hayo ni kidogo. Mwaka 1972 Iraki ilitaifisha visima vya Kirkuk, na kufikia mwisho wa 1973 asilimia 5 ya Gulbenkian nchini humo ilikuwa imekwisha.

Wakfu haukuanguka, kwa kuwa ulikuwa na mguu mwingine Omani. Mwaka 1937 Sultani Said bin Taimur alikuwa ameipa kibali kampuni tanzu ya wale wenye hisa wa Iraki, na Gulbenkian alikuwemo. Kisima cha kwanza cha Fahud, mwaka 1956, hakikutoa kitu. Mwaka 1960 washirika wengi walikata tamaa wakaondoka. Wakabaki Shell na asilimia 85, na Partex, kampuni ya wakfu, na 15. Miaka miwili baadaye mafuta yakapatikana Yibal, na meli ya kwanza ikapakia tarehe 27 Julai 1967. Wafaransa walirudi wakanunua asilimia 10 kutoka kwa Partex. Serikali ya Sultani Qaboos ilipochukua asilimia 60 mwaka 1974, mgawanyo ukawa Shell 34, Wafaransa 4, Partex 2. Wasomaji wenye jamaa Muscat wanaijua kampuni hiyo, Petroleum Development Oman. Baada ya 1970, Waomani wengi waliorudi kutoka Zanzibar na bara, wenye elimu na Kiingereza, walipata kazi humo, na Kiswahili kilisikika katika ofisi zake. Sehemu ya jasho lao ililipia vitabu na muziki wa Lisbon.

Mwaka 2019 wakfu uliiuza Partex kwa kampuni ya PTTEP ya Thailand kwa dola milioni 622. Taasisi iliyozaliwa na mafuta ikaachana na mafuta kwa hiari, chini ya rais wake Isabel Mota, kwa hoja kwamba haiwezi kuhubiri mustakabali wa vijana huku ikiishi kwa kinachoichoma dunia. Mwaka 2020 ikaanzisha Tuzo ya Gulbenkian ya Ubinadamu, euro milioni 1, ya kwanza ikaenda kwa Greta Thunberg. Mwaka 2023 mmoja wa washindi watatu alikuwa Cécile Bibiane Ndjebet wa Kamerun, mtetezi wa haki za wanawake katika misitu. Caxito, Angola, wakfu ulishirikiana na serikali mbili kuanzisha kituo cha utafiti wa afya mwaka 2007. Na unaendelea kuwafadhili wanaofundisha Kiarmenia cha Magharibi, lugha ya mwasisi wake, ambayo iko hatarini kupotea.

Msomaji wa pwani anajua wakfu ni nini. Mashamba ya minazi, nyumba za Mji Mkongwe na za Mji wa Kale Mombasa, visima na madrasa vimesimama kwa utaratibu huo kwa vizazi vingi, na Kenya na Zanzibar zina kamisheni za kuusimamia. Tusichokuwa nacho ni wakfu mkubwa wa elimu na sanaa uliotokana na biashara za leo. Matajiri wetu wa mafuta, saruji, simu na usafirishaji wanatoa sana, lakini wengi hutoa kwa mkono wao, wakiwa hai, na wakifa watoto wanafikishana mahakamani. Sasa kuna mradi wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. TotalEnergies, mtoto wa ile kampuni ya Wafaransa ya 1924, inashika asilimia 62 ya mradi huo, Uganda 15 na Tanzania 15. Safari hii wenye nchi wana hisa, tofauti na Wairaki wa 1925. Linalobaki ni kuamua mapato yake yataacha nini visima vikikauka.

Hili nawaomba wanaosimamia hisa hizo, na kila mwenye mali kubwa anayeyasoma haya. Hati iandikwe sasa, wakati mwenye mali anaweza kuulizwa na kujibu. Malengo yawe machache na yatajwe waziwazi. Wadhamini watajwe kwa majina, wasiwe ndugu watupu wala wateule watupu wa serikali. Na sharti liwekwe kwamba hesabu zichapishwe kila mwaka, kwa Kiswahili, mahali ambapo mwananchi yeyote atazisoma.